Kijiko Wangu

Juu ya blanketi la mzee palikuwa na vijiko vya kila ukoo: cha chai, cha mchuzi, cha plastiki cha dawa ya kikohozi, cha mbao kilichoungua mpini, hata kile kilichopinda ambacho mtoto wa mwisho alikuwa akichimbia udongo uani. Mzee alivitazama kimoja kimoja, kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi kumtambua mwizi wake, akatikisa kichwa. Si hiki. Wala hiki.

"Kijiko wangu," akasema, sauti ikianza kupanda. "Kijiko wangu uko wapi?"

"Baba, vijiko vya nyumba nzima ndivyo hivi," binti yake akamjibu. "Vimebaki vya jirani."

"Nikaviazime?" akauliza mtoto wa kati, mguu mmoja umeshatoka nje ya mlango.

"Keti chini!"

Binti huyo wa mzee, mtaani walimwita Mama Kochi, na jina lilimkaa kama kitambaa kilichopimwa vizuri. Kazi yake ilikuwa kuyavua makochi nguo zao zilizochakaa na kuyavika mpya, na kazi yenyewe aliifanyia sebuleni kwake. Mgeni akibisha hodi alikaribishwa kwa moyo wote, ila hakuwa na pa kukaa. Viti vyote vilikuwa vimechunwa hadi mbavu, springi nje, sponji kando, vikingoja kuvalishwa.

Sebule hiyohiyo ndiyo ilikuwa shule. Mambo yalianza kama mzaha. Shule ya karibu ilifungwa kwa ukarabati wa muhula mmoja, na ukarabati wa muhula mmoja, kama ujuavyo, una tabia ya kuzaa. Mama Kochi akasema wanangu hawatakaa bure. Akabandua ubao wa nyuma wa kabati ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, akaupaka rangi nyeusi, akausimamisha ukutani. Siku shule ilipofunguliwa, watoto walikuwa wameshazoea mwalimu anayewajua mpaka ndoto zao, na mwalimu alikuwa ameshazoea kelele zao. Nyumba isiyo na kelele hizo aliiona kama kochi lisilo na sponji. Mumewe, dereva wa lori ambaye alionekana nyumbani kwa msimu kama mvua, akampandisha cheo. Kila akipiga simu kutoka njiani alianza: "Naomba kuongea na Mwalimu Mkuu. Nina mtoto nataka kumwandikisha."

Mwalimu Mkuu alifundisha huku mikono ikifanya kazi. Pembe mraba watoto walizijua kwenye kona za makochi, na sehemu kwa kukata sponji. Imla aliisoma misumari ikiwa mdomoni, ndiyo maana mtoto wa kati aliwahi kuandika, kwa imani kamili, kwamba mfalme alipanda fwarasi. Huyo wa kati alikuwa mvulana, na kwa kuwa kila alipopita kitu kilianguka, aliitwa Kimbunga. Dada yake mkubwa aliitwa Profesa, kwa sababu hajawahi kukubali jibu kabla ya kuligeuza na kuchungulia upande wa pili. Wa mwisho, Kitinda, hakuwa na umri wa kuandika bado. Aliandikishwa kama msikilizaji, na mara nyingi alisikilizia chini ya meza.

Tangu mzee apatwe na kiharusi, nyumba ikavaa kofia ya tatu: ikawa pia wodi. Alianguka asubuhi moja akinyoa ndevu. Hospitali walimrudisha akiwa hai, jambo ambalo Mama Kochi alilishukuru kila siku, lakini upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na majina ya vitu yalikuwa yamemtoroka. Vitendo alibaki navyo: leta, funga, njoo, nipe. Ila ulete nini, ufunge nini, hapo pakawa na shimo, na shimo hilo alilifukia kwa neno moja tu. Mlango ulikuwa kijiko. Dawa ilikuwa kijiko. Daktari mwenyewe alikuwa kijiko, na alilipokea jina hilo kwa tabasamu. "Huenda majina yakarudi, huenda yasirudi," alisema. "Zungumzeni naye. Msimchoke."

Hawakumchoka. Kitanda chake walikiweka palepale sebuleni, kati ya ubao na cherehani, ili upweke usimpate. Lakini Mama Kochi, kila alipoinama kumrekebishia mto, aliyatafuta macho ya baba yake na kujiuliza swali ambalo hakuthubutu kulitamka: Baba, bado umo humo ndani?

Kwa maana mtu huyu majina ndiyo yaliyokuwa maisha yake. Alikuwa fundi wa mabango. Ungeweza kutembea mtaa mzima, mwanzo hadi mwisho, ukimsoma yeye: DUKA LA DAWA, MASHINE YA KUSAGA, MAZIWA YAPO. Hata ile HAIRUHUSIWI KUKOJOA HAPA iliyokuwa kwenye ukuta wa ghala ilikuwa kazi ya mkono wake, na kwa uzuri wa herufi zake iliwafanya wanaume wasimame pale muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Rangi alikupa uitakayo. Kosa hakukupa, hata ungemlilia. "Kosa la mdomo linakwenda na upepo," alisema. "Kosa la bango linanyeshewa na mvua kumi na bado linasomeka."

Kuna hadithi ambayo watu wa mtaa waliipenda. Kinyozi mmoja alitaka bango lake liandikwe KINYOZI YA KISASA. Mzee akaandika KINYOZI WA KISASA. Kinyozi akaja juu.

"Mzee, mimi nimesema YA. Hapa ni mahali, si mtu!"

"Mahali hapanyoi," mzee akamjibu, hata brashi hakuitua. "Anayenyoa ni wewe. Na wewe ni mtu, hata kama jina la kazi yako limevaa KI kama kiti na kikapu. Mtu ni mtu. Herufi mbili haziwezi kumvua utu wake."

Kinyozi akaondoka na bango lake, ananung'unika. Siku hizi, mteja akimuuliza, husema ni yeye aliyesisitiza iandikwe WA.

Kabla ya kuugua, mzee ndiye aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sebuleni. Alikuja na kofia yake na chaki zake za rangi, akawafundisha wajukuu mwandiko na ngeli mpaka Kimbunga akalalamika kwamba Babu humsahihisha hata anapokohoa. Sasa somo lilimwangukia Mama Kochi, ambaye hesabu alizipenda na jiografia aliivumilia, lakini ngeli alikuwa akizikimbia tangu utoto.

Hapo ndipo walipokuwa wamefika, simu ya kaka yake ilipoingia.

Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la vipuri katika mji mwingine, na alikuwa mtu wa kutatua mambo. Kitu kikiharibika, unakifungua, unatoa kilichokufa, unaweka kingine. Baba mgonjwa kwake lilikuwa jambo la kutatuliwa, na ufumbuzi alikuwa nao tayari.

"Mdogo wangu, tusidanganyane," alisema. "Mzee tunayemjua hayupo tena. Mtu anayemwita kila mtu kijiko, unadhani anajua yuko kwa nani? Kwangu kuna chumba, kuna muuguzi, kuna utulivu. Hapo kwako umemlaza katikati ya nyundo na jedwali la kuzidisha."

"Anapenda kuwasikia watoto, Kaka."

"Amekwambia?"

Mama Kochi akageuka kumtazama mzee kitandani.

"Unaona? Jumamosi nakuja na gari."

Neno hilo "amekwambia" halikumtoka kichwani. Baba alikuwa akimwambia nini? Kijiko. Yeye mwenyewe, mtoto aliyeshikwa mkono akafundishwa kuandika jina lake kwa brashi, alikuwa akiitwa kijiko, amewekwa kabati moja na vyombo vya kulia. Kama Baba alikuwa bado ndani, angemng'ang'ania hata kwa meno. Lakini kama ameshaondoka na kuwaachia mwili, basi Kaka alikuwa sahihi, na ubishi wake ulikuwa ubinafsi tu wa mtu asiyetaka kuachia. Na Jumamosi haikuwa mbali.

Alhamisi wakawa kwenye ngeli ya LI-YA. Mama Kochi alikuwa amepiga goti mbele ya kochi la mteja, anavuta kitambaa kwa koleo.

"Jicho," akasema. "Umoja na wingi."

"Jicho langu, macho yangu!" wakaimba.

"Jani."

"Jani langu, majani yangu!"

"Kijiko langu!" ikaja sauti kutoka kitandani.

Kimbunga akajiangusha sakafuni kwa kicheko. "Babu amefeli! Ni kijiko changu, Babu! KI-VI!"

"Usimcheke babu yako."

"Simcheki, namsahihisha. Ni zamu yangu."

"Kijiko langu," mzee akarudia, polepole, kama anayewafundisha wao. "Liko wapi?"

Profesa hakucheka. Alisimama ubaoni, chaki mkononi, kichwa amekiinamisha upande.

"Mama, jana Babu alisema kijiko wangu."

"Mgonjwa haangaliwi ngeli, mwanangu."

"Jana wangu, leo langu. Na asubuhi, Kimbunga alipokuwa anapiga sufuria, alisema kijiko hizi zimezidi."

"Kwani zilikuwa hazijazidi?" akauliza Kimbunga.

"Ndiyo hivyo sasa! Kelele hizi zimezidi. Kelele ndizo husemwa hizi." Akaigonga chaki ubaoni. "Mama, mtu akikosea, anakosea ovyo. Babu hakosei ovyo. Amesema langu, akasema liko. Sentensi yote imekaa sawa isipokuwa kijiko. Ni kama vile... ni kama bango limefutika neno moja tu."

Koleo la Mama Kochi likabaki hewani.

"Kitu gani cha Babu ni cha LI-YA?" akauliza, taratibu, kana kwamba anaogopa kumshtua ndege.

"Tumbo!" akasema Kimbunga. "Sikio! Jino!"

"Hivyo anajua viko wapi."

"Jino hajui. Moja lilipotea hospitali."

Lakini Profesa alikuwa ameshatazama dirisha lililo wazi, akaona pazia linavyocheza na upepo, akaenda nyuma ya mlango ambako koti kuukuu la mzee lilining'inia, lile lenye madoa ya rangi za mabango ya miaka yote. Akamletea. Mzee akalipokea kwa mkono wa kushoto, akalivuta mpaka kidevuni, akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Ndilo," akasema. "Ndilo hili."

Mama Kochi akakaa. Kwa bahati mbaya alikaa bila kutazama, kwenye kiti ambacho hakikuwa na sponji wala springi, akazama mpaka magoti yakamfika masikioni. Watoto wakaja kumvuta, huyu mkono, huyu mguu, Kitinda akivuta gauni. Na kutoka chini ya koti lile, kwa mara ya kwanza tangu aletwe kutoka hospitali, mzee akacheka.

Hakuna somo jingine lililofundishwa siku ile, au niseme hakuna siku iliyofundishwa vizuri zaidi. Profesa aliandika ngeli zote ubaoni kwa herufi kubwa, Kimbunga akawa mkimbizaji. Mzee akisema, "Kijiko yangu iko wapi?" Kimbunga aliruka na kofia, akaja na redio, akaja na soksi, na walipofika kwenye miwani mzee akatikisa kichwa kukubali. Akisema, "Kijiko haya yamepoa," waliyachukua maji ya kuogea kwenda kuyapasha. Mchana akawatazama watoto waliokuwa wamejipanga mbele yake kama wachezaji wanaosubiri filimbi, akamgeukia mama yao.

"Kijiko hawa wamekula?"

"Hawa ni sisi," Profesa akanong'ona.

"Tumekula, Babu," akasema Kimbunga, na kwa mara moja katika maisha yake hakuongeza neno.

Furaha ilikuwa kubwa, ila mwiba mmoja ulibaki. Kila walipotulia, mzee alirudi kwenye swali lake la siku zote, lile lililowajaza vijiko kitandani: "Kijiko wangu uko wapi?" Hili aliliuliza kwa uchungu tofauti.

"Ni uko, si yuko," Profesa akasema. "Kwa hiyo si mtu. Ni kitu cha M-MI, au cha U."

Wakaleta mto. Wakaleta mswaki, mkoba, mwavuli, mkanda. Wakaleta ufunguo, ufagio, uma, wembe. Mama Kochi alitumaini ni brashi yake ya mabango, lakini Profesa akamkatalia: brashi ingekuwa yangu. Kimbunga aliingia na tawi lenye majani, akisema ni mti. Alipotumwa kulirudisha, akaanza kuulegeza mlango kwenye bawaba zake. Mwanzo mzee alicheka nao. Kisha akaacha kucheka, akageuza uso ukutani. Kupewa kila kitu ukakosa kile kimoja, kunachosha kuliko kutopewa chochote.

Ijumaa alasiri watoto walikuwa uani, na Mama Kochi alikuwa akibadilisha shuka. Alimlaza baba yake ubavu, akanyoosha upande huu, akamrudisha. Hapo akauona mkono wa kushoto wa mzee ukiingia chini ya blanketi. Ulipapasa paja, ukapapasa godoro, ukaingia kwenye mkunjo, ukatoka, ukarudi tena.

Mama Kochi aliujua mpapaso ule. Aliuona kila wiki kwa wateja wanaokuja kuchukua makochi yao: mtu hupenyeza vidole kwenye mfereji wa nyuma ya mto, akitafuta pete au sarafu iliyozama humo siku nyingi, kitu kilicho chake, kilicho karibu, asichoweza kukifikia.

Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umelala nyuma ya kiuno chake, ulikobaki alipogeuzwa. Hakuuona, na hakuusikia. Mkono uliochora mtaa mzima. Walikuwa wameuogesha, wameukunja na kuukunjua kama walivyoelekezwa, na hakuna aliyewaza kumwonyesha mwenyewe.

Akaushika. Ulikuwa na joto, mzito kama mtoto aliyelala. Akauleta mbele, akaulaza kifuani pake, akauchukua na ule wa kushoto akauweka juu yake.

"Huu hapa, Baba. Mkono wako huu hapa. Haujaenda popote."

Mzee akautazama. Akakigusa kidole cha shahada, pale penye sugu ya brashi.

"Ndio huu," akasema. Machozi yakamshuka. "Umelala."

"Umelala tu, Baba. Tutauamsha."

"Tuumwagie maji!" akasema Kimbunga, ambaye mbio zilikuwa zimemleta dirishani bila kuitwa. "Mimi ndivyo unavyoniamsha."

Mzee akaanza kucheka machozi yakiwa bado yanashuka, na Mama Kochi naye hivyohivyo, mpaka ikawa vigumu kusema nani analia na nani anacheka. Toka hapo hakuna siku mkono ule ulipofichwa tena chini ya blanketi. Kila asubuhi uliamkiwa kwa zamu, na Kitinda aliupa shikamoo yake peke yake.

Jumamosi gari la Kaka likasimama nje, godoro limetandikwa nyuma, tayari. Watoto walimvamia kabla hajafika mlangoni.

"Shikamoo, Mjomba! Mjomba, Babu anaongea!"

"Marahaba. Anaongea nini?"

"Kijiko! Lakini kijiko chenyewe si kijiko!"

Kaka alimtazama dada yake kwa jicho la huruma, jicho la mtu anayeona nyumba nzima imeambukizwa. Akaingia, akatafuta pa kukaa, akakosa, akasimama.

"Tusiifanye ngumu, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Nguo zake zimefungwa?"

"Msalimie kwanza."

Akasogea kitandani. Mzee aliinua macho, uso ukachanua.

"Kijiko mkubwa!" akasema. "Umefika."

Mabega ya Kaka yakashuka. Kumbe safari yote alikuwa amebeba tumaini dogo ambalo hakulisema, na sasa limemponyoka. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Hata mimi."

"Mjomba, shukuru!" Kimbunga akadakia. "Amesema mkubwa. Ungekuwa kijiko kweli angesema kikubwa!"

"Nini?"

"MKUBWA, Mjomba. M ya mtu," akasema Profesa. Akamweka mbele ya ubao kama mwanafunzi mgeni, akamweleza: koti langu, kelele hizi, maji haya, mkono wangu. Jina limepotea, lakini nyayo zake zimebaki kwenye sentensi, na ukizifuata unafika. Kaka alisikiliza akikunja uso, kisha uso ukaanza kujikunjua, polepole.

"Kinyozi wa kisasa," akasema, kama mtu anayeongea usingizini.

"Mtu ni mtu," Mama Kochi akamjibu. "Hata akivaa KI."

Wakatazamana, kaka na dada. Kisha Kaka akapiga magoti kando ya kitanda, akamuuliza baba yake mwenyewe anataka nini, jambo ambalo wote walikuwa wameacha kulifanya bila kujua ni lini waliacha.

"Baba, gari liko nje. Kwangu kuna chumba chako na muuguzi wa kukuangalia. Hakuna kelele. Unataka twende, au unataka kubaki?"

Mzee akafikiri. Mkono wa kushoto ukainuka, ukaelekea dirishani, kule gari lilikokuwa.

"Kijiko lile," akasema, "likufikishe salama." Mkono ukageuka, ukazunguka sebule: ubao, cherehani, makochi yaliyo uchi, watoto. "Kijiko hii inanitosha."

"Gari lile, nyumba hii," Profesa akatafsiri, ingawa hakukuwa na haja. Kaka alikuwa ameweka paji la uso wake juu ya godoro, anacheka mpaka kitanda kinatikisika.

"Nimefukuzwa!" akasema. "Mzee amenifukuza kwa ngeli!"

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alimgusa mwanawe begani, akamwonyesha Mama Kochi, aliyesimama na nyuzi kwenye nywele na chaki kwenye shavu, sindano imechomekwa kifuani pa gauni.

"Kijiko wangu amechoka," akasema. "Msaidie."

Profesa akafumbua mdomo kutafsiri, akaufumba. Mama Kochi alikuwa amesikia. Amechoka. Si kimechoka. Akarudi nyuma siku zote zile, asubuhi zote alizoitwa akiwa na karaha moyoni: kijiko wangu, njoo, kijiko wangu, umelala? Hata siku moja baba yake hakumwita kijiko changu. Siku zote hizo alikuwa mtu, na mtu wa mwenyewe, na masikio yake yalikuwa yakiishia kwenye jina. Akainama chini ya cherehani, akasema anatafuta uzi. Alichukua muda mrefu kuupata.

"Muuguzi ana miguu," Kaka akawaambia watoto, akijifuta uso. "Atakuja huku. Na mimi nitakuja kila mwezi, kumpumzisha mama yenu. Ila sitaki kufundishwa."

"Utaanza na A-WA," Profesa akamwambia. "Kila mgeni huanza na A-WA."

Usiku ule Kaka alilala juu ya kochi la mteja lililokuwa limefika nusu: kichwa kwenye kitambaa kipya, miguu kwenye springi. Aliamka akitembea upande upande kama kaa, lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia kitandani asubuhi mzee alipoita. Mbele ya mzee palikuwa na meza ndogo, juu yake chai inatoa moshi.

"Kijiko kiko wapi?"

"Kiko! KI-VI!" Kaka akapiga kelele, mwanafunzi mpya mwenye bidii. "Nani ana cha KI-VI?"

Nyumba ikavurugika. Kaka akaleta kiti. Kimbunga akaleta kioo na kiatu kimoja. Profesa akaleta kitabu, kisha kitambaa, kisha, baada ya kufikiri sana, kichana. Mama Kochi akaja na kikapu cha uzi. Kila kitu mzee alikitikisia kichwa, chai ikizidi kupoa, na kitanda kikajaa tena kama siku za mwanzo. "Kikohozi?" Kimbunga akauliza kwa kukata tamaa. "Babu, unataka kikohozi?"

Kitinda akatoka chini ya meza. Yeye ngeli alikuwa hajafundishwa. Alikuwa ameshika kile kijiko chake kilichopinda, cha kuchimbia udongo; akakifuta kwenye gauni, upande huu na upande ule, akakitumbukiza kwenye kikombe cha babu yake.

Mzee akakitazama kijiko. Akawatazama wao, waliosimama na viti na viatu mikononi.

"Ndicho," akasema. "Ndicho hiki." Akaanza kukoroga chai yake.